Upawa

Mwalimu Achola aliandika ubaoni siku ya Ijumaa:
Kiongozi ni nani? Na chaki ikakatika.
Kipande hakijafika sakafuni, mkono wangu uko juu.
Nilizijua sifa zote kumi na mbili, kwa mpangilio,
nikapata kumi na tisa kwa ishirini.
Moja niliipoteza kwa tahajia:
uadilifu, neno hilo nililikosea.

Muhula uliofuata nikapewa beji na upawa:
Nasipwondi, Kidato cha Tatu, kiranja wa bwalo.
Beji ilikuwa ya plastiki, pini yake imelegea.
Upawa ulikuwa wa chuma,
mpini umeviringwa mpira wa baiskeli,
mzito, hasa ukiuzamisha hadi chini
yanakokaa maharagwe.

Maana sufuria ya shule ina nchi mbili.
Juu ni mchuzi, maji yenye kumbukumbu ya nyanya.
Chini ndiko kwenye shibe.
Na mpaka wa nchi hizo
ulikuwa kifundo cha mkono wangu.

Nilijifunza upesi kukizungusha.
Kwa Nelima wa kitanda cha juu, chini.
Kwa aliyenifanyia hesabu za logi, chini.
Kwa Chelimo, aliyenicheka nilipoanguka mbioni,
juu, juu kabisa,
na tabasamu langu likiwa nyongeza.
Bwenini tulikuwa na msemo:
mwenye upawa hali mchuzi mtupu.
Niliucheka pamoja na wenzangu,
nikidhani wanamsema mwingine.

Kisha Jumanne moja mvua ikateremka kutoka Chetambe,
Webuye nzima ikawa kelele za mabati,
foleni ikabanana mlangoni, nguo zikitona maji.
Walikuwa wamebaki kumi na mmoja, wote wa Kidato cha Kwanza,
upawa ulipokwaruza chuma.
Krrr.
Sauti hiyo naisikia hata sasa, nikipiga mswaki.

Wa mwisho alikuwa Khakasa.
Alinyoosha sahani, nikammiminia nilichokipata:
maji, na punje moja.
Hakulia. Alisema, "Asante, kiranja,"
akaibeba kwa mikono miwili, polepole,
kama mtu aliyebeba kitu cha kumwagika,
na kweli kingemwagika,
hakikuwa na kitu ndani cha kukizuia.

Usiku nikafungua daftari la Ijumaa.
Sifa kumi na mbili zikanitazama kwa mwandiko wangu mzuri.
Hakuna hata moja iliyotaja maharagwe.

Viranja tuna kitabu cha wakosaji.
Nikaandika: Jina, Nasipwondi.
Kosa, kifundo cha mkono.
Asubuhi nikampelekea Mwalimu Achola.
Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa kanga ya mabegani.
Sifa nilizozitarajia hazikuja.
Aliuliza tu: "Mko wangapi mnaokula?"

Sikujua.
Miezi miwili nimeshika upawa
na sikujua.

Nikahesabu. Mia tatu na kumi na wawili,
pamoja na mgonjwa mmoja wa uji.
Nikajifunza kukoroga kwanza,
kukoroga mpaka bega liwake moto,
mpaka nchi mbili ziwe moja, ndipo nipakue.
Ni hilo tu. Halikuwemo kwenye mtihani.

Nelima alininunia wiki mbili.
Chelimo aliitazama sahani yake, akanitazama mimi,
akaitazama tena sahani. Alidhani ni mtego.
Na sitasema nimepona:
siku nyingine Nelima akifika
kifundo huinama chenyewe, kidogo,
kama ng'ombe anayeijua njia ya shamba la jirani.
Nakirudisha.

Juzi pini ilichomoka nikikoroga, sikuhisi.
Nilikuwa nimeketi na sahani yangu, wa mwisho,
Khakasa akaja na kitu kiganjani,
kimelambwa kikatakata.
"Kiranja," akasema, "hii imeingia kwangu."